Tulinuniana miezi saba, tukapatana Kwaresima

MATOKEO ya Fomu Foo yakitoka, mtaani kwetu hakosekani mtu wa kuuliza: hivi masista huwa wanawalisha nini wale watoto? Saluni watakwambia ni sala. Kijiweni watakwambia ni fimbo. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye watoto wake wote wamesoma shule ya kata, yeye husema ni ada tu, hakuna kingine. Zamani ubishi ulikuwa mkali zaidi, kwa sababu Baraza la Mitihani lilikuwa likitangaza shule kumi bora kitaifa na watu wakihesabu majina ya watakatifu kama wanavyohesabu magoli ya Simba na Yanga. Katika matokeo ya mtihani wa mwaka 2018, kwa mfano, St. Francis Girls ya Mbeya ndiyo iliyokaa kileleni. Utaratibu wa kutaja kumi bora uliachwa kuanzia matokeo ya mtihani wa mwaka 2022, lakini midomo ya mtaani nani ataifunga?

Mimi nimesoma huko huko kwa masista. Shule yenyewe siitaji, maana mengine nitakayosema hayatamfurahisha kila mtu. Itoshe kusema ni ya wasichana, ya bweni, na iko kwenye baridi la Nyanda za Juu Kusini ambako asubuhi maji ya bomba yanakata vidole. Nilimaliza Fomu Foo mwaka 2017. Basi leo nawajibu watu wa saluni na wa kijiweni kwa pamoja: darasa letu halikuokolewa na fimbo, na sala nazo zilikawia kufanya kazi mpaka watu walipokubali kutazamana usoni.

Kwanza tuseme ukweli. Shule nyingi za namna hii zinachuja. Unaingia kwa usaili, na ukishaingia kuna wastani. Usipoufikisha unarudi kwenu na tranka lako. Ukichambua mchele punje kwa punje, usijisifu sana kwamba wali wako hauna mawe. Kwa hiyo sisi tulioingia pale hatukuwa vilaza. Ndiyo maana yaliyotukuta Fomu Tatu yaliwashangaza hata wapishi.

Ilikuwa Septemba 2016. Fomu Foo wa mwaka ule walikuwa wanakaribia mahafali yao na sisi wa Fomu Tatu tulichangishana ili tuwape zawadi. Pesa zilifika Sh. 164,000/=, zikakaa kwenye bahasha ya kaki ndani ya deski la mweka hazina wa darasa. Ijumaa jioni zipo. Jumamosi asubuhi hazipo.

Wee! Lile bweni siku ile hapakukalika. Matroni akapita kitanda hadi kitanda, tranka hadi tranka, kila kitu kinamwagwa: mpaka zile nguo ambazo mtu usingependa wenzio wazione. Kwenye tranka la mwenzetu mmoja, ambaye tulimwita Kalkuleta kwa jinsi alivyokuwa anazichezea hesabu, zikakutwa noti mbili za elfu kumi kumi. Zilikunjwa ndogo sana, zikazungushiwa uzi mweusi, zikafichwa ndani ya kifuko cha rozari. Shule ilikataza kukaa na pesa bwenini, zote zinatakiwa kuwa kwa matroni. Mweka hazina akanyoosha kidole mbele yetu sote. "Ni huyu."

Kalkuleta akasimamishwa masomo wiki mbili. Tena kwake haikuwa aibu tu. Ada yake ililipwa na mfadhili, na kila muhula mfadhili alitumiwa taarifa ya maendeleo na tabia. Neno "wizi" likiingia kwenye karatasi ile, basi safari imeishia hapo.

Mama yake alikuja. Mama anauza vitumbua Buguruni, na kwa siku ile alipanda basi la saa kumi na mbili alfajiri pale Ubungo, akaingia kwetu usiku, akalala parokiani, asubuhi akawa mlangoni kwa Sista Mkuu. Mimi nilikuwa na zamu ya kudeki korido ya ofisi, na nakiri kwamba korido ile haijawahi kudekiwa polepole kama siku ile.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Karibu mama, kaa."

Hakukaa. Alisema, "Ile elfu ishirini nilimpa mimi kwa mkono wangu. Nauli ya kurudi nyumbani. Sista, huo uzi uliouona, nimeufunga mimi. Pesa yangu yote naifunga hivyo." Akafungua pindo la khanga. Nikasikia Sista amenyamaza.

Kalkuleta akarudishwa kabla wiki mbili hazijaisha. Lakini taarifa ya mfadhili ilishaondoka, na darasani hakuna aliyetangaziwa kitu. Alirudi tu, akakaa kwenye deski lake, kila mtu akamalizia hadithi kichwani mwake anavyotaka.

Ndipo darasa likapasuka. Na msomaji wangu, halikupasuka kwa sababu ya zile pesa peke yake. Pale shuleni kulikuwa na watoto wa magari na watoto wa mabasi. Siku ya kufungua shule wenzetu wa magari wanashushwa na baba zao, boksi la maji, boksi la juisi, mablanketi mapya. Sisi wa mabasi tunashuka stendi, tunabeba tranka wawili wawili. Tulikuwa tunacheka pamoja, tunaimba kwaya moja, lakini kila mtu alijua yuko upande gani. Mweka hazina alikuwa mtoto wa gari. Kalkuleta mtoto wa basi. Basi tu, inatosha. Mimi ni wa basi, tena la kusimama, ila niliyekaa naye deski moja alikuwa wa gari, kwa hiyo nilipata umbea wa pande zote mbili. Na tangu siku ya ule uzi sikuwahi kuamini kwamba Kalkuleta ni mwizi.

Kununiana kwa wasichana arobaini na moja, jamani, si mchezo. Wa magari wakahamia upande wa dirishani, wa mabasi upande wa mlangoni. Kwenye foleni ya ugali mtu anaruka nafasi ili asisimame nyuma ya fulani. Lile faili la mitihani ya zamani, ambalo darasa zima lilikuwa linalitegemea, likalala chini ya godoro la mtu wa dirishani. Upande wa mlangoni nao wakajibu: Kalkuleta hafundishi tena hesabu mtu yeyote asiye wao. Hata Misa haikupona. Padre akisema tupeane amani, unaona watu wanageuka digrii mia na themanini kumkwepa jirani. Siku moja nilimwona mtu anaipa amani nguzo ya kanisa, mimi na macho yangu haya!

Na tulikuwa tunasali, eeh. Rozari kila jioni. Novena. Ijumaa kufunga. Mtu anatoka kupiga goti mbele ya Ekaristi anakwenda kuficha daftari la Kemia.

Mtihani wa kufunga mwaka ukaja kutuumbua. Wenzetu wanne hawakufikisha wastani, wakaondoka: wawili wa dirishani, wawili wa mlangoni. Walimu wakakazana na fimbo. Tukapigwa kwa kelele, tukapigwa kwa kuchelewa prepo, tukapigwa kwa jumla. Majaribio ya Februari tukafanya vibaya zaidi.

Sasa tuje kwenye ile Ijumaa. Ilikuwa Aprili 2017, Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi. Tulimaliza Njia ya Msalaba, na kama kawaida ya Kwaresima kulikuwa na ibada ya kitubio. Padre aliletwa kutoka parokia nyingine, mzee mfupi, chini ya kanzu amevaa kandambili. Tukajiandaa kwa foleni yetu ya siku zote, maana kuungama nako kuna mazoea: unajua dhambi zako nne, unazitaja, unapewa Salamu Maria tatu, unarudi kunung'unika palepale ulipoachia.

Yule mzee akatuharibia ratiba. Alisoma pale katika Mathayo sura ya 5 ambapo Yesu anazungumzia mtu aliyefika na sadaka yake madhabahuni. Kisha akatuambia tuangalie vizuri, kwa sababu watu wengi wanaisoma kinyume. Haikuandikwa kwamba ukikumbuka umemkosea mwenzio. Inasemwa ukikumbuka kwamba mwenzio ana neno juu yako. Nani alianza, nani mwenye haki, hayo hayakuulizwa. Unaiacha sadaka hapo, unakwenda kupatana kwanza. Halafu akafunga kitabu. Akasema hataingia kiti cha maungamo kwa muda wa nusu saa, hana kazi, anasubiri. Akakaa, akakunja mikono.

Kimya. Dakika tano, dakika kumi. Ukuta wa kanisa ukasomwa siku ile kuliko Biblia.

Kando yangu alikaa mwenzetu mmoja Muislamu, maana walikuwepo, na ibada za jioni tulikuwa tunakaa nao. Akanisogelea sikioni. "Kwetu sisi kununiana na mwenzio mwisho siku tatu, zikizidi unapata dhambi. Nyie miezi saba!" Nilibanwa na kicheko mpaka machozi. Nikadhani ndicho kitakachokumbukwa.

Kalkuleta akasimama. Alitoka mlangoni, akavuka katikati, akaenda mpaka benchi la dirishani, akasimama mbele ya mweka hazina. Kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba hata sisi wa nyuma tulisikia.

"Pesa sikuchukua, na nitasema hivyo mpaka nakufa. Lakini nimekuchukia tangu Septemba, na hilo nimelifanya kweli. Nisamehe."

Ingekuwa filamu za Kinaijeria, hapo watu wangeanguka, muziki ungepanda, shangazi angetokea mlangoni. Mweka hazina aliangalia viatu vyake. Muda mrefu. Akasema, "Sawa." Basi. Kalkuleta akarudi kukaa. Kisha mmoja mmoja, wengine wakaanza kunyanyuka, wengine hawakunyanyuka kabisa, na yule mzee alipoingia kwenye kiti chake foleni ilikuwa fupi kuliko kawaida, lakini kila aliyetoka alikuwa na macho mekundu.

Jumatatu paredi, baada ya wimbo wa taifa, mweka hazina akaomba nafasi. Akasimama mbele ya shule nzima, Fomu Wani mpaka Fomu Foo. Alisema alimtaja mtu mbele za watu bila kumwona akichukua kitu, na kwamba noti zile mbili hazikuwa kwenye bahasha yake, alilijua hilo siku ile ile kwa sababu pesa za mchango nyingi zilikuwa za elfu tano na elfu mbili. Alipomaliza, sauti ilikuwa imemkauka.

Tukadhani yameisha. Sista Mkuu akasogea mbele, akasema: "Na mimi nilisaini barua kabla sijamsikiliza mama yake. Binti yangu, nisamehe."

Nimekaa madarasani miaka kumi na moja, shule ya msingi na sekondari. Nimeomba radhi kwa walimu, kwa viranja, kwa matroni, mara nyingine sijui hata kosa. Ile ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kusikia mkubwa akimwomba radhi mdogo mbele ya paredi. Fomu Wani wale walikuwa wameacha midomo wazi. Wiki ile Sista akamwandikia mfadhili barua nyingine ya kulisafisha jina la Kalkuleta, tena akamwita ofisini akamsomea kabla ya kuituma. Katekisimu inafundisha kwamba katika kitubio kuna majuto, kuna maungamo, na kuna malipizi. Watu wengi tunapenda mawili ya kwanza kwa sababu yanaishia mdomoni. Ile barua ilikuwa malipizi. Ilikuwa na stempu.

Huwa nikikumbuka siku zile nafikiria pia darasa jingine, na wala silinganishi, maana sisi tulikuwa tunagombea laki na ushee, wao waliwekewa bunduki. Nyange ni mahali magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994 kanisa la parokia pale liliangushwa kwa tingatinga likiwa na Watutsi wapatao 1,500 waliokimbilia ndani. Padre aliyekuwa akihudumu hapo, Athanase Seromba, alishitakiwa hapa kwetu Arusha, kwenye ile Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, akapewa miaka 15 mwaka 2006, na kwenye rufaa mwaka 2008 akapewa kifungo cha maisha. Kwa hiyo mtu akiniambia penye kanisa basi pana amani, namwangalia tu.

Lakini hapo hapo Nyange, usiku wa Machi 18, 1997, watu wenye silaha waliivamia shule ya sekondari wanafunzi wakiwa madarasani wanajisomea. Wakaamuru: Wahutu huku, Watutsi kule. Watoto wa shule wakakataa. Wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Wakashambuliwa kwa risasi na mabomu ya mkono, wengine wakafa, wengine wakabaki na vilema. Rwanda imewaweka, waliokufa na walio hai, katika mashujaa wa taifa wa daraja la Imena. Nilipoisoma habari ile nilijiuliza sisi wa dirishani na mlangoni, ambao hakuna aliyetulazimisha kutengana, tungejibu nini.

Haya, turudi shule. Mnataka kujua matokeo.

Jumamosi baada ya chakula cha jioni Kalkuleta alianza kuweka ubao kwenye bwalo. Mwanzoni tulikwenda wa mabasi tu. Jumamosi ya pili mweka hazina akaja, amebeba lile faili la mitihani ya zamani kifuani kama mtoto, akaliweka mezani, hakusema kitu. Kuanzia hapo nyomi. Hesabu ndilo somo linaloangusha watahiniwa wengi kuliko mengine karibu kila mwaka, na sisi tulikuwa tunazikimbia kama ukoma: matriki, vekta, uwezekano. Kalkuleta alikuwa na mtindo wake. Hakukubali useme umeelewa. Anakupa chaki, anakaa chini, anasema, "Haya, nifundishe mimi." Hapo ndipo unagundua ulikuwa umekariri. Kumbe na yeye Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga, insha zake zilikuwa kama telegramu. Mweka hazina akawa anamsahihishia kila jioni, kalamu nyekundu, mpaka wakaanza kutukanana kwa mapenzi.

Na fimbo? Zilipungua zenyewe. Mwalimu wa zamu anapita prepo anatukuta tunabishana kuhusu figo inavyochuja damu, atampiga nani?

Msidhani wote walipatana. Wapo wawili ambao mpaka tunaondoka walikuwa hawasalimiani, na sababu yao wala haikuwa pesa, ilikuwa mambo ya kwaya. Watu wa kwaya mnawajua.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari 2018. Tulikuwa thelathini na saba. Divisheni wani kumi na tisa, tuu kumi na tatu, thrii tano, foo hakuna, ziro hakuna. Hesabu walifaulu thelathini na wanne. Kalkuleta alipata pointi nane. Mama yake alipigiwa simu akiwa anageuza vitumbua, akaviunguza vyote, na wateja, alivyosimulia mwenyewe, walikula hivyo hivyo vilivyoungua na kulipa. Mweka hazina alipata divisheni tuu. Zangu mimi hamkuniuliza.

Zile Sh. 164,000/= hazijaonekana mpaka leo. Nani alichukua, Mungu anajua, na huenda anasoma gazeti hili. Kama ni wewe, hujambo?

Tuna kundi letu la WhatsApp, la darasa zima. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikuwa anaolewa, ikabidi tuchangishane, na ikatakiwa achaguliwe mtu wa kupokea pesa. Kundi lilikaa kimya karibu saa nzima, na mnajua kwa nini. Kisha yule yule mweka hazina wetu wa zamani akaandika jina moja tu: Kalkuleta. Likapita bila kupingwa. Mchango ni elfu thelathini kwa kila mtu, na kila tarehe moja ananitumia ujumbe wa kunikumbusha salio langu, kwa jumla sahihi kabisa, hakosei hata shilingi.